Kivuli cha Mlima Saa Moja Asubuhi: Siku Mbili za Kutafuta Picha Usambara

Ukisimama Raskazoni alfajiri baada ya usiku wa mvua, ukaipa bahari mgongo na kutazama upande wa bara, utaiona milima ya Usambara imejipanga kama ukuta wa rangi ya samawati nyuma ya mji wa Tanga. Kufikia saa tatu ukuta huo huwa umekwisha kufifia, na mchana mgeni anaweza kuapa kwamba mji huu hauna mlima wowote karibu nao. Nimeishi na milima hiyo tangu utotoni. Maji tuliyokuwa tukikinga bombani hutoka huko, kwa kuwa mto Zigi unaotokea kwenye misitu ya Usambara Mashariki ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalouhudumia mji. Hata hivyo, ilinichukua miaka mingi kujifunza kuipiga picha, na nilichojifunza nataka kukiandika kwa ajili ya mtu mwenye kazi ya wiki nzima, anayepata Jumamosi na Jumapili tu.

Safari yangu ya kwanza niliipanga kama mtu anayekwenda sokoni na orodha. Niliandika majina ya sehemu saba, kuanzia maporomoko ya maji ya Soni hadi Mtae, nikakodi bodaboda Lushoto na kukimbizana nazo zote. Nilirudi nyumbani na picha zaidi ya mia nne. Nilipozikagua moja baada ya nyingine, niliona kwamba karibu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: anga jeupe kama karatasi, bonde lenye rangi ya majivu, na miti isiyo na upande wa mwanga wala upande wa kivuli. Mahali palikuwa pazuri pote. Tatizo ni kwamba kila mahali nilikuwa nimefika kwa saa ambayo ilinifaa mimi na ratiba yangu, ilhali mlima una saa zake.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza ni wapi penye mandhari nzuri, kwa sababu Usambara swali hilo halina jibu la kukusaidia. Karibu kila kona ya barabara ina mandhari. Ninachouliza sasa ni mlima huu umeelekeza uso wapi, na jua litaupiga uso huo saa ngapi katika mwezi huu nitakaokwenda. Maswali hayo mawili yanajibika ukiwa umekaa nyumbani Ngamiani na kikombe cha chai, wala hayahitaji nauli.

Kwanza ni ramani. Picha za setilaiti zilizomo katika simu zinatosha kuonyesha barabara, lakini hazionyeshi vizuri mwinuko, na mwinuko ndio picha yenyewe. Mimi hutazama ramani yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, zile za kipimo cha 1:50,000 zikiwa bora kuliko zote, na kutafuta mahali mistari ilipobanana mpaka kukaribia kugusana. Hapo pana jabali au mteremko mkali. Kisha natazama mteremko huo umeelekea upande gani. Usambara imegawanyika katika sehemu mbili, Mashariki na Magharibi, na kati yake limelala bonde la Lwengera. Usambara Mashariki, yenye Amani na misitu yake, imeikabili bahari. Usambara Magharibi, yenye Lushoto, inaishia ghafla kwa ukuta mrefu unaotazama kusini-magharibi, juu ya tambarare za Mombo, Mazinde na nyika ya Wamasai. Mtu akielewa mgawanyo huo mmoja tu, amekwisha kupunguza nusu ya makosa yangu ya safari ya kwanza.

Pili ni upepo, na hapa mtu wa pwani ana faida ambayo pengine haijui. Tunayajua majina ya kusi na kaskazi kutoka kwa wavuvi wetu, lakini mara chache tunafikiri kwamba upepo uleule unaojaza tanga la ngalawa ndio unaotengeneza ukungu wa mlimani. Kusi, unaovuma katika miezi ya baridi kutoka kusini-mashariki, huokota unyevu wa Bahari ya Hindi, hugonga miteremko ya Usambara Mashariki, hulazimika kupanda, na unapopanda hupoa na unyevu wake kugeuka ukungu na manyunyu. Ndiyo maana Juni unaweza kuiacha Tanga kukiwa na jua, ukapita Muheza kwenye machungwa kukiwa na jua, na ukafika Amani ukashindwa kuuona mti ulio hatua thelathini mbele yako. Ukuta wa magharibi uko nyuma ya mlima ukilinganisha na bahari, kwa hiyo upepo ukifika kule huwa umekwisha kutua sehemu kubwa ya mzigo wake. Mimi sasa nikiamka na kuuona mlima umejifunika upande wa bahari, siahirishi safari, nabadilisha upande.

Tatu ni jua, na hili ndilo nililochelewa kulielewa kuliko yote. Mafunzo mengi ya upigaji picha yameandikwa na watu wa nchi zilizo mbali na ikweta, ambako jua huzama kwa mshazari na kuacha mwanga wa dhahabu kwa saa nzima au zaidi. Sisi tuko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Jua letu hushuka karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa, na mwanga ule laini wa manjano hauzidi sana nusu saa. Anayefika mahali jua likiwa limeshaanza kuwa jekundu, kisha akaanza kutafuta pa kusimama, atapata pa kusimama giza likiwa limeingia. Vilevile, mahali jua linapozama huhama kati ya Juni na Desemba kwa takriban nyuzi 47, kutoka kaskazini ya magharibi hadi kusini ya magharibi. Ukiwa kwenye jabali la Irente, karibu na Lushoto, tofauti hiyo ni kubwa mno. Desemba jua la jioni huupiga ukuta wa mlima karibu uso kwa uso, na mawe yote huwaka kwa pamoja. Juni jua huzama karibu na mstari wenyewe wa ukuta, na mwanga hupita ukiparuza majabali kutoka ubavuni, kila ufa ukatoa kivuli chake na kila mbavu ya mlima ikajitenga na mwenzake. Mimi naupenda zaidi mwanga wa Juni, kwa sababu unauonyesha mlima umbo lake.

Sasa niieleze Irente kwa kirefu, kwa maana hapo ndipo mambo haya yote yalipokutana.

Irente ni mwendo wa kilomita chache kutoka Lushoto mjini, njia inayopita katikati ya mashamba, na mtu mzima huweza kuitembea kwa miguu bila taabu. Ukifika mwisho, ardhi inakatika. Chini yako kuna kama mita 1,000 za hewa, kisha tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke. Wageni karibu wote huenda pale jioni, kutazama machweo, nami nilikuwa mmoja wao. Juni ya safari yangu ya tatu nilifika mapema, saa kumi alasiri, nikachagua mahali, nikasimamisha stendi ya kamera, nikasubiri. Kulikuwa na moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la mchana mzima lililokuwa bado limeelea juu ya nyika. Jua lilizama ndani ya utando wa kahawia kabla halijafika kwenye upeo, na mwanga wa ubavuni niliokuwa nimeupangia ukafa mikononi mwangu.

Nilipokuwa nakunja vifaa, mzee mmoja alipita akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani na mundu mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akaitika marahaba, akauliza nimepoteza nini. Nikamweleza kwamba nilikuja kutafuta picha ya bonde. Alitua mzigo wake, akanitazama kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, bonde hili jioni limechoka. Njoo asubuhi kabla ya jua, ulione linavyovua shuka."

Sikuelewa alichosema mpaka kesho yake. Niliamka saa kumi usiku, nikatembea na tochi, baridi ikinipenya hadi kwenye mifupa, maana Lushoto ya Juni haina mzaha na mtu wa pwani. Nilifika kukiwa bado na nyota. Jua la Juni katika sehemu hizi huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na linachomoza nyuma yako unapotazama bonde, upande wa pili wa milima. Kwa hiyo kwanza hakuna unachokiona kwenye nyika ila kijivu. Kisha, mbali sana, ukanda mwembamba wa ardhi ukageuka rangi ya chungwa. Nilidhani ni moto wa nyika. Ukanda ule ukapanuka ukija upande wangu, na ndipo nilipotambua kwamba kijivu kilichokuwa kimeifunika tambarare yote kilikuwa kivuli cha mlima niliosimama juu yake.

Hesabu yake ni nyepesi, na baadaye niliifanya ili niweze kuitumia tena. Jua likiwa nyuzi 5 juu ya upeo, mlima wa mita 1,000 hutupa kivuli cha kilomita 11 hivi. Likifika nyuzi 10, kivuli kimepungua hadi karibu kilomita 6. Likifika nyuzi 20 kimebaki kilomita 3 kasoro kidogo. Maana yake ni kwamba kwa muda wa saa moja na nusu ya kwanza, ukingo wa kivuli hutembea juu ya tambarare kilomita kwa kilomita, ukirudi kwenye miguu ya mlima, na kila unapopita hufunua kitu. Kwanza vilifunuliwa vilima vidogo vya mbali, kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na kivuli chake. Kisha mashamba ya mkonge, na hapo nilisahau baridi. Mistari ya mkonge, iliyopandwa kwa kamba na kwa hiyo imenyooka kama mishono ya cherehani, ilichukua mwanga upande mmoja wa kila tuta, ikawa kama kitambaa cha kikoi kilichotandazwa. Kisha kijiji, na mapaa ya mabati yaliyomulika moja baada ya jingine kama vioo. Kisha reli, ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Uzi mwembamba wa kijivu ambao mchana hauonekani kabisa kwa jicho tupu.

Hewa ilikuwa safi kama maji ya kisima. Vumbi lilikuwa limelala usiku kucha na joto lilikuwa bado halijaanza kulitikisa. Nilipiga picha thelathini na mbili tu kwa saa nzima, kwa sababu muda mwingi nilikuwa natazama ukingo wa kivuli umefika wapi na unaelekea kufunua nini. Picha niliyoitaka ilikuwa ile ambayo nusu ya karibu ya bonde ingali usiku na nusu ya mbali imeshakuwa mchana, mpaka kati yao ukipita juu ya mkonge. Kwa anayetumia simu, jambo la msingi hapo ni kugusa kioo mahali penye mwanga na kuteremsha mwangaza kidogo, ili simu isijitahidi kung'arisha kivuli na kuiunguza sehemu iliyo na jua. Kwa mwenye kamera, lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali, ina faida kuliko lenzi pana, jambo linaloshangaza wengi. Lenzi pana huchukua kila kitu na kukifanya kidogo. Bonde la Irente ni kubwa mno, na picha yake nzuri ni kipande.

Mzee alipita tena kama saa mbili kasorobo akienda shambani. Safari hii nilimsalimu kwa Kisambaa nilichojifunza kwa wenyeji wa pale, "Onga maundo," naye akacheka na kuitika "niwedi." Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto hawakuwa na saa nyumbani, kivuli kilipoivuka reli, mama yake alijua ni wakati wa kuwapeleka shambani.

Nimeeleza habari ya mzee huyu kwa sababu ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kupata mahali pa kupigia picha katika safari fupi, na watu wengi huiruka. Mpiga picha mgeni hukaa siku mbili; mkata majani amekaa miaka sabini. Lakini lazima uulize vizuri. Ukimuuliza mwenyeji wapi pazuri, atakupeleka wanakopelekwa wageni, kwa heshima. Muulize ukungu hutoka upande gani asubuhi, jua hufika mapema kwenye kilima kipi, maji hayakauki wapi, na mtasikia majina ambayo hayamo katika ramani yoyote. Na kabla ya kumwelekezea mtu kamera, omba ruhusa kwa maneno na usubiri jibu. Nimewaona watu wakimpiga picha mama aliyebeba kuni kutoka dirishani mwa gari linalotembea, na kila mara naona aibu kwa niaba ya kamera niliyoishika. Anayetaka kurusha droni ajue kwamba nchini kwetu inahitaji vibali, na vibali havipatikani kwa wikendi moja.

Upande wa Mashariki una tabia nyingine, na naupendekeza kwa anayejaliwa siku yenye mawingu. Kutoka Tanga unapita Muheza, unaendelea kwa barabara ya vumbi hadi lango la Sigi, kisha unapanda kwa kona nyingi hadi Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea hapo mwaka 1902, na msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Ada ya kuingia inalipwa, na ni vyema kuchukua mwongoza njia, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kinyonga amelala tawi gani.

Ndani ya msitu jua kali ni adui. Linapenya kwenye majani kama mkuki, linaacha mabaka meupe na meusi ambayo kamera haiwezi kuyapatanisha. Wingu au ukungu hufanya kazi ya chandarua: mwanga unatandazwa sawasawa, kijani kinajaa, na mashina yanajipanga kwa kina, la karibu likiwa jeusi, la nyuma yake kijivu, la mwisho likiwa kivuli tu cha mti. Siku niliyoilaani Amani kwa sababu ya ukungu, nilikuwa nimesimama ndani ya picha bora za maisha yangu bila kujua. Na kwenye majabali yenye unyevu na kivuli utafute lile ua dogo la zambarau ambalo sasa linakaa madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya. Lilipelekwa huko na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia mwaka 1893. Kwao ni hapa. Kulipiga picha unahitaji kupiga magoti, kulaza kiwiko juu ya jiwe na kuzuia pumzi, kwa maana petali zake zina manyoya madogo ambayo hayaonekani mpaka mwanga uyapate kwa pembeni. Usiling'oe.

Soni nitaisema kwa ufupi: maporomoko yake yanafaa jua likiwa limefunikwa, na stendi ni ya lazima ukitaka maji yaonekane kama pamba. Mtae, iliyo mwisho wa milima upande wa kaskazini-magharibi, ni ya ajabu, lakini njia yake kutoka Lushoto hula saa nyingi. Kwa siku mbili iache. Najua inauma kuiacha. Nimeiacha mara tatu.

Jambo moja la vifaa, maana lilinigharimu asubuhi nzima. Wakati fulani nililala katika nyumba ya wageni yenye kiyoyozi kikali, nikatoka alfajiri moja kwa moja kwenye hewa ya pwani, na lenzi yangu ikafunikwa na umande ndani na nje. Niliifuta, ikarudi, niliifuta tena, ikarudi. Jambo hilohilo humpata anayeteremka haraka kutoka baridi ya Lushoto hadi joto la Korogwe na kufungua begi. Kamera ikiwa baridi kuliko hewa, unyevu huganda juu yake kama unavyoganda kwenye chupa ya soda. Iache ndani ya begi lililofungwa, au ifungie katika mfuko wa plastiki, kwa nusu saa ipate joto taratibu.

Kwa hiyo siku mbili zangu za sasa zina mahali pawili tu, pengine patatu. Ijumaa jioni nalala Lushoto. Jumamosi kabla ya alfajiri niko Irente, mchana napumzika na kuzunguka kutafuta mahali pa kusimama jioni, bila kupiga picha hata moja, na jioni narudi nilipopachagua kama hewa ni safi. Jumapili natazama anga: likiwa wazi, narudi Irente kwa sababu kivuli hakipiti mahali palepale mara mbili, likiwa limefunga, nateremka mapema kwenda Muheza na kupanda Amani.

Desemba iliyofuata nilirudi Irente, jua likiwa limehamia upande wa kusini, nikiwa na ile picha ya Juni niliyoisafisha studio, ya ukubwa wa kalenda. Nilimkuta mzee nyumbani kwake akichonga mpini wa jembe. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaiinamisha ipate mwanga wa mlangoni. Hakuusifu mkonge wala rangi. Aliweka ukucha wa kidole gumba juu ya mpaka wa kivuli, akaupeleka taratibu mpaka kwenye ule uzi mwembamba wa reli, akapima kwa jicho nafasi iliyobaki. "Hapa ilikuwa bado," akasema. "Saa moja na nusu. Mama hajatuita."

Nilikwenda kuangalia saa iliyohifadhiwa ndani ya kamera. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na nane.